Kilima Alichokupa Baba

Dada Faida, wewe ambaye baba yangu anakuita Mama,

Nianze na wivu, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua. Nakuonea wivu. Nilianza kule Louisville, kwenye ile apatimenti ya ghorofa ya pili ambayo dirisha lake la jikoni lilikuwa halifungi, na hata sasa, wewe uko Buffalo na mimi nimebaki Columbus, wivu wenyewe haujatulia. Nilidhani ukihama utahama nao. Kila Jumapili tukirudi kutoka kanisani baba anaweka simu yake mezani karibu na sahani, kioo kikiangalia juu, na anakula huku akiitazama. Mimi nimekaa mbele yake, nina macho na masikio, na sijawahi kutazamwa hivyo.

Wengine watakaosoma barua hii hawatujui, kwa hiyo nieleze kidogo. Wewe ni mtoto wa baba mkubwa Bahati, kaka yake baba, aliyekufa vitani huko Kongo ukiwa bado unabebwa mgongoni. Mama yako alifia kambini Tanzania, na tangu hapo wazazi wangu wamekulea. Tumelala mkeka mmoja, baadaye godoro moja, hadi tulipofika Amerika tukapewa kila mtu kitanda chake na tukashindwa kupata usingizi. Tena ulipewa jina la bibi yetu, mama yake baba. Kwetu mtoto wa kike akipewa jina la bibi yake, baba hamwiti jina hilo kama anavyoita watoto wengine. Anamwita Mama, na anamheshimu kama mama. Mimi niliitwa Ester kwa sababu muuguzi aliyekuwa zamu siku niliyozaliwa aliitwa Ester. Mama anasema alikuwa mwanamke mzuri. Lakini hakuna anayeniheshimu kwa ajili yake.

Kwa hiyo firigisi ya kuku ilikuwa yako. Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa chako. Ukiingia sebuleni baba alikuwa anasogeza miguu yake upite, na mimi nikiingia nilikuwa naruka miguu hiyo hiyo. Kugombezwa hukugombezwa kamwe, kwa sababu nani atamgombeza mama yake? Unakumbuka siku uliyovunja rimoti ya televisheni? Baba aliangalia vipande, akakuangalia wewe, halafu akaja kusimama mlangoni mwa chumba nilimokuwa nasoma.

"Ester, Mama anacheza na rimoti mpaka inavunjika, weye uko wapi?"

"Nilikuwa huku, baba. Nasoma."

"Bon. Siku ingine usome huku unaangalia."

Wewe ulikuwa umeficha uso kwenye kitenge cha mama, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nilicheka pia, baadaye. Si sana.

Lakini firigisi na rimoti ni mambo ya watoto. Wivu wenye meno ulinipata ile siku ya kilima, na ndiyo ninayotaka tuikumbuke.

Tulikuwa darasa moja la historia, ingawa umenizidi umri, kwa sababu shule ya Louisville ilituweka pamoja kwa ajili ya Kiingereza chetu. Mwalimu alikuwa yule mrefu aliyekunywa kahawa kwenye chupa ya chuma. Tulikuwa tumefika kwenye vita vya mapinduzi vya Marekani, na wewe kama kawaida ulikuwa umelala macho wazi. Mwalimu akasema kwamba mapigano makubwa tutayasoma kitabuni, yeye leo anataka tuone dogo moja, la mpakani, ambalo watu wengi hata hapa kwao hawalijui. Nilikaa wima.

Siku ile, alisema, hapakuwa na jeshi la mfalme wala jeshi la mapinduzi. Kulikuwa na wanamgambo tu, wakulima wa eneo moja, mahali ambapo barabara ziliishia na msitu ukaanza. Waliomtaka mfalme walipiga kambi juu ya kilima, karibu na kinu cha kusagia nafaka. Waliotaka mapinduzi walikipanda kilima asubuhi, ukungu ukiwa umeshuka. Walikuwa majirani. Walikuwa wameoleana, na Jumapili walikaa kwenye mabenchi ya kanisa moja. Sare hawakuwa nazo, basi wa mfalme walichomeka vijitawi vya msonobari kwenye kofia zao, na wa mapinduzi wakachomeka vipande vya karatasi nyeupe, ili mtu asimuue wa upande wake. Lakini moshi wa bunduki ulipochanganyika na ukungu, na karatasi zikadondoka, ikawa ni kukisia. Wengine walitoa alama yao kwa makusudi wakapenya katikati ya adui, na watu wakawa wanaulizana kabla ya kupiga: huyu ni wetu?

Halafu mwalimu akatutoa nje, kwenye uwanja wa mpira wenye mteremko nyuma ya shule, kila mtu na soksi alizozikunja kama mpira. Ukipigwa na soksi, umekufa, unakaa chini. Wewe ulikuwa wa vijitawi, juu ya mteremko. Mimi nilikuwa wa karatasi, chini, na mkubwa wetu alikuwa Dezire, yule kijana wa Burundi aliyekulia kambini kama sisi.

"Profesa akiwa askari wetu, tumeshashindwa," Dezire alisema, akitumia jina ulilonipa wewe.

Nawe ukapiga kelele kutoka juu, "Karatasi ninyi, leo tutawatumia kufungia maandazi."

Nakumbuka vizuri ulivyofanya. Wenzako walikuwa wanateremka mbio huku wanapiga mayowe, na wewe ukachomoa kijitawi chako, ukakitia mfukoni, ukazunguka polepole kupitia kwenye mapipa ya taka kama mtu anayekwenda kuchota maji. Ukaja ukasimama karibu nami, bega kwa bega. Ulikuwa unanuka mafuta ya nazi. Dezire akageuka akakuona, huna kijitawi, huna karatasi, akainua soksi yake. Halafu akanitazama mimi.

"Huyu ni wetu?"

Unajua mimi na kuongea mbele ya watu. Mwalimu akiniita jina, maneno yananikimbia. Lakini siku ile neno lilitoka lenyewe, wala sikulitafuta.

"Ni wetu," nikasema.

Dezire akashusha soksi. Wewe ukampiga yako mgongoni, ukampiga na aliyemfuata, na kabla hatujaelewa, nusu ya jeshi letu lilikuwa limekaa kwenye nyasi. Tulishindwa vibaya. Tukirudi darasani Dezire alinijia.

"Profesa, umetuuza."

"Samahani."

"Umetuuza bure kabisa. Hiyo ndiyo inayoniuma. Ungechukua hata soda."

Nilifika nyumbani nikiwa na furaha kuliko walioshinda. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na hadithi ya kusimulia mezani, yenye ukungu na bunduki, na wewe ndani yake, kwa hiyo nilijua baba atasikiliza. Mama alikuwa amepika fufu na sombe ya majani ya muhogo. Nilianza kabla hata ya kukaa vizuri, na mama akakuuliza, "Huyu mutoto leo amekunywa nini?" Nilieleza kila kitu, kinu na kofia na mteremko. Baba alikuwa anakula tu. Nilipofika kwenye vijitawi mkono wake ulisimama hewani ukiwa na tonge.

"Hiyo majani ilikuwa ya muti gani?"

"Msonobari, baba. Ule wa Krismasi."

"Na Mama njo aliitoa?"

"Ndiyo. Aliitoa, akavuka, akaja kusimama karibu yangu."

"Donc walikuuliza."

Sikuwa nimefika hapo bado. Nilishangaa amejuaje. "Dezire aliuliza, huyu ni wetu?"

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema ni wetu."

Aliniangalia. Nilingoja acheke, au anipige kofi dogo la utani kichwani kama anavyofanya. Alirudisha tonge kwenye sahani, akanawa mikono, akasimama. Halafu akaongea, na hakuongea na mimi.

"Mama, kuya tuongee."

Mkatoka. Mlikaa kwenye ngazi za chuma, chini kidogo ya dirisha lile lisilofungika, wakati watoto wa majirani bado wanakimbiza baiskeli kwenye maegesho. Mimi nilipewa vyombo. Nilifunga bomba nisikilize, lakini maneno hayakufika, ilifika sauti tu, inapanda, inashuka, inakaa kimya, inaanza tena. Sikuwahi kujua kwamba baba ana maneno mengi hivyo. Nimeishi naye maisha yangu yote na hajawahi kuniambia hata mara moja alikuwa wapi wakati wa vita. Nilikuwa nimeuliza. Kambini niliuliza, na kwenye ndege niliuliza. Alikuwa anasema, "Soma shule." Na sasa alikuwa anayamwaga yote kwenye ngazi, kwa mtu ambaye alisinzia katika historia, kwa sababu tu ya jina. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, dada. Nilisugua ile sufuria ya sombe mpaka mama akaniambia niiache, itatoboka.

Uliporudi ndani ulikwenda moja kwa moja kitandani, viatu miguuni.

"Amekuambia nini?" nikauliza.

"Vita."

"Vita gani?"

"Vya kwao. Kuna kilima."

"Halafu?"

"Lala, Profesa."

Jua lilikuwa halijazama hata.

Basi, kilima. Hicho ndicho nilichopata mimi, neno moja, na wewe ulipata kilima kizima na watu wake. Nilikichukia. Nilianza kukitengeneza mwenyewe kichwani, nikakiwekea kinu, nikakiwekea ukungu, nikamweka baba juu yake na bunduki, jasiri, na kila nilipomaliza kukitengeneza nilikumbuka kwamba wewe unakijua cha kweli. Ulibadilika baada ya hapo, na hata mabadiliko yako niliyaonea wivu. Ulinyamaza kwa namna ya mtu mzima. Firigisi ikiwekwa kwenye sahani yako ulikuwa unaisogeza kwenye yangu. Niliila. Niliila nikimtazama baba, nikidhani nimeshinda kitu.

Tukahamia Columbus, baba alipopata kazi ya ghala, tukapanga kule Northland karibu na Morse Road, na nilitumaini kilima kimebaki Louisville na lile dirisha. Kikaja nasi. Baba akiita "Mama," ulichelewa kuitika. Akikuuliza kama umekula, ulimjibu kupitia kwangu: "Mwambie nimekula." Nilisema moyoni kwamba ni maringo. Mtu anapendwa hivi, anaitwa Mama na mwanamume mwenye ndevu, halafu anaringa. Laiti ningeitwa mimi, ningeitika kabla hajamaliza.

Halafu ukamaliza shule na ukasema unakwenda Buffalo, kwa mama yako mdogo anayeishi East Side, kuna kazi ya kutunza wazee. Mama alilia. Tulikusindikiza kituo cha mabasi, na basi lilipoanza kupakia mizigo baba alivua koti lake, lile kubwa la kahawia, akakuvika na kukufunga vifungo mpaka shingoni kama mtoto.

"Buffalo kuko baridi kupita huku."

Ulisema asante ukiangalia vifungo. Nilikuwa nimewahi kumwomba koti hilo nikangojee basi la shule, na aliniambia nitalichafua. Alisimama pale na sweta mpaka basi lilipotoka, theluji nyepesi inamwangukia, na mimi nikasimama karibu yake na koti langu zuri lenye joto nikiona baridi kuliko yeye.

Sasa nikuambie kilichotokea hapa juzi, kwa sababu hukijui.

Shule yangu ya Columbus ilitutaka tuandike kuhusu pigano lolote la vita vya mapinduzi. Nilichagua dogo letu. Maktaba ya hapa ina kitabu kinachoeleza zaidi ya alivyotueleza mwalimu wa Louisville, na kuna ukurasa mmoja ambao nilitaka mtu wa nyumbani ausikie. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi asubuhi, mimi na baba tulikuwa kwenye mashine za kufulia, tunangoja shuka zikauke, na hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa mama mmoja wa Kisomali na mtoto wake aliyekuwa anasukuma kikapu cha magurudumu. Nikafungua kitabu nikaanza kumsomea baba kwa Kiswahili, nikitafsiri polepole. Kwamba pigano lilikuwa fupi. Kwamba lilipoisha hakuna aliyeweza kusema wengi wa waliolala pale walikuwa wa upande gani, kwa kuwa alama zilikuwa zimedondoka. Na kwamba wake zao na mama zao walipanda kilima kutafuta kila mtu wake, na wengine waliwabeba nyumbani kwa shuka.

Mashine ikalia. Baba akasimama, akatoa shuka, akanipa ncha mbili. Tukaanza kuikunja. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Siye tulipasua shuka ya bibi yako."

Nikanyamaza. Kwa mara moja maishani kunyamaza kwangu kulisaidia.

"Tulifunga kitambaa nyeupe kwa kichwa. Bale bengine walitia majani ya muhogo. Na bote wanasema ni ukombozi. Siye ukombozi, bale ukombozi. Tulibatizwa siku moja, Ester."

Wewe unajua yaliyofuata. Nayaandika hapa kwa sababu nilimwuliza kama naweza, na alikaa akifikiri mpaka tukamaliza shuka ya pili, halafu akasema, "Andika. Nimechoka kuibeba." Baba alikuwa wa vitambaa. Baba mkubwa Bahati alikuwa wa majani. Bibi Faida alimtuma Bahati amrudishe mdogo wake nyumbani, kwa sababu alisikia wa majani watakipanda kesho yake kile kilima walikokuwa baba na wenzake, na alijua vijana wa vitambaa hawatapona. Bahati akatoa majani yake kichwani akavuka asubuhi, kwenye ukungu, mikono mitupu. Akampata baba. Akasimama karibu yake, bega kwa bega. Na mkubwa wa vitambaa akaja, akamwona mtu asiye na kitambaa, akamwuliza baba.

Huyu ni wetu?

"Ningesema ndiyo, watauliza kitambaa iko wapi," baba alisema. "Ningesema ni kaka, watajua ni wa majani, watatuua siye wawili. Nilikuwa natafuta neno. Nilitafuta, Ester. Mdomo ilikataa kufunguka. Na ule mutu hakungoja."

Walimpeleka nyuma ya nyumba ya kinu cha kule kwao. Bibi ndiye aliyekuja kumchukua, na shuka. Hakumwuliza baba kitu siku hiyo wala siku nyingine, na baba hakumwambia kitu, na bibi akafa hivyo. Kwa hiyo ulipoingia nyumbani kwetu umebeba jina la mmoja na damu ya mwingine, baba alisogeza miguu yake upite. Si kwa ajili ya mila peke yake. Nami nilikuwa nahesabu firigisi.

Nilidhani alikupa hadithi, dada. Alikuomba msamaha. Nilimwuliza kama ulimjibu kitu pale kwenye ngazi, akasema hapana, ulimwambia unakwenda kulala.

Usifikiri nakulaumu. Nimejaribu kukaa mahali pako, na sipawezi. Kama mtu angeniambia kwamba baba yangu alivuka kwa ajili yake na yeye akakosa neno, sijui ningekula naye meza gani. Sasa naelewa kwa nini ulichelewa kuitika. Mtu anakuita Mama, na kila akikuita anakuuliza swali lile lile.

Kulikuwa na jambo jingine alilolisema, na hili ni langu, kwa hiyo nitalisema kidogo tu. Tulikuwa tumemaliza kukunja, tunapanga shuka kwenye mfuko. Akaniwekea mkono kichwani, si kofi la utani, mkono tu.

"Ile siku ulisema ni wetu," alisema. "Hata haukufikiri."

"Ilikuwa mchezo, baba. Na tulishindwa."

"Ninajua. Niliwaza kama ningekuwa na weye pale."

Nilibeba mfuko wa nguo mpaka nyumbani peke yangu, mzito, na sikutaka anipokee. Kwa hiyo nami nina kipande changu cha kilima. Nilidhani nikipata kipande wivu utaisha.

Haujaisha, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Tuliporudi kutoka kwenye mashine nilijaribu. Nilimwambia baba, tukiwa jikoni, kwamba alikuwa kijana mdogo, kwamba hakuua yeye, kwamba mimi nimemsamehe. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri njia nzima. Alitabasamu, akasema, "Asante, Ester," kwa upole, kama unavyomshukuru mtoto aliyekuletea mchoro, na akaenda kuangalia simu kama imejaa chaji. Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Aliiweka karibu na sahani.

Ukipiga, unaongea na mama. Baba akipewa simu unasema mtandao unakata. Mtandao wa Buffalo haukati, dada, Dezire, ambaye bado tunaandikiana, ana kaka yake huko huko East Side na wanaongea mechi nzima ya mpira. Baba anajua. Anarudisha simu kwa mama na kusema, "Mama iko na kazi mingi," na anaendelea kula.

Nimekuonea wivu kwa kiti na firigisi na koti na ngazi za chuma. Vyote hivyo naweza kuviacha leo. Huu wa mwisho siwezi. Umebeba neno ambalo likisemwa na mimi ni zawadi ya mtoto, na likisemwa na wewe, limesemwa na bibi aliyepanda kilima na shuka, na baba mkubwa Bahati, na wewe mwenyewe uliyebaki bila baba. Wote watatu mko kwenye koo moja. Mimi ninayeshindwa kuitika jina langu darasani ningelisema neno hilo mbele ya kanisa zima, na lisingefaa kitu. Na wewe ambaye hujawahi kukosa la kusema, unalo, na umelifungia kwenye koti mpaka shingoni.

Labda huwezi kusema umesamehe. Sitakuomba useme uongo, na baba haombi hivyo. Lakini siku moja kwenye uwanja wa mpira ulisimama karibu nami huna kijitawi wala karatasi, na mtu akauliza. Hakuuliza kama u mwema, au kama ulifanya nini ulipotoka. Aliuliza jambo moja tu. Nikajibu, na likatosha, ukabaki umesimama.

Jumapili hii simu itakuwa mezani. Mimi nitakuwa nimekaa mbele yake na nitakuwa na wivu, nakuahidi, kuanzia mlio wa kwanza. Piga. Mwite Baba, au umwite jina lake kama bibi alivyokuwa anamwita. Mama akitaka kupokea nitamzuia. Halafu mimi nitaiinamia simu na kukuuliza juu ya baba, kwa sauti, kama Dezire: huyu ni wetu?

Vaa koti, baridi bado ipo. Na likichafuka, hakuna atakayekugombeza.

Mdogo wako, niliyekula firigisi zako,
binti wa yule anayekungoja